Nguvu, Nishati na Uchovu: Maelezo Kuhusu Mazoezi ya Mwili kwa Wagonjwa wa Mitokondria

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo si kawaida kulikuta katika jarida la lugha, nalo ni namna msuli wa binadamu unavyojipatia nishati, na sababu zinazowafanya waganga wa siku hizi wawashauri watu wenye maradhi ya mitokondria wafanye mazoezi ya mwili badala ya kukaa kitako. Msomaji ana haki ya kuuliza mwalimu wa Kiswahili ameingiaje katika uwanja wa wenyewe. Jibu ni kwamba niliingizwa na lugha, tena kwa kosa langu mimi.

Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamili, niliombwa niwe mkalimani wa mama mmoja wa makamo, mzaliwa wa Mombasa, aliyekuwa akitibiwa katika hospitali ya mji ule. Daktari alitaka kujua iwapo tatizo lake lilikuwa udhaifu wa misuli au uchovu. Nikamwuliza, "Mama, wachoka?" Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, nani asiyechoka?" Nililitafsiri jibu hilo kama lilivyo, na daktari akaandika kwamba mgonjwa hana lalamiko kubwa la uchovu. Kabla hatujaagana, mtaalamu wa tiba ya viungo alitoa maagizo marefu: atembee kila siku, aanze na dakika chache, aongeze kidogo kidogo, wala asijilazimishe kupita kiasi. Maagizo yote hayo niliyafupisha kwa maneno mawili: "Usijichoshe, mama." Aliporudi baada ya miezi mitatu, alikuwa hawezi kupanda ngazi ambazo hapo awali alizipanda. Alikuwa amenitii. Hakujichosha hata siku moja.

Makala haya basi yana shabaha mbili. Ya kwanza ni kueleza, kwa Kiswahili kinachoeleweka na msomaji asiye mwanasayansi, mambo yanayojulikana leo kuhusu maradhi haya na tiba ya mazoezi. Ya pili ni kuonyesha kwamba maneno matatu ya kila siku, yaani nguvu, nishati na uchovu, yasipotenganishwa barabara, ushauri mwema wa mganga waweza kumfikia mgonjwa ukiwa umegeuka kinyume chake.

2. Mitokondria na kazi yake

Karibu kila seli ya mwili wa binadamu ina ndani yake vijisehemu vidogo sana viitwavyo mitokondria. Seli za viungo vyenye kazi nyingi, kama vile moyo, ubongo na misuli ya miguu, huwa nazo kwa mamia na hata maelfu. Jina hili lilitungwa na mtaalamu wa Kijerumani, Carl Benda, mwaka 1898, kutokana na maneno mawili ya Kiyunani, moja likiwa na maana ya uzi na jingine likiwa na maana ya punje. Wanaisimu watatambua mara moja kwamba kitu hiki kilipewa jina kwa umbo lake. Benda aliviona vijisehemu hivyo kwa darubini vikiwa kama punje zilizopangana uzini, lakini hakuweza kujua vyafanya nini. Kazi yake ilifahamika miongo kadhaa baadaye.

Kazi hiyo ni kuzalisha nishati. Chakula tukilacho huishia kuwa glukosi, mafuta na vitu vinginevyo ambavyo husafirishwa na damu. Hata hivyo, msuli hauwezi kuitumia glukosi moja kwa moja ili ujikunje. Lazima kwanza nishati iliyomo katika glukosi ihamishiwe kwenye kemikali iitwayo adenosini trifosfati, ambayo hufupishwa ATP, na ambayo iligunduliwa na Karl Lohmann mwaka 1929. Akiba ya ATP iliyomo msulini ni ndogo mno. Kwa mtu anayekimbia kwa kasi haitoshi ila kwa sekunde chache. Kwa hiyo msuli hauna ghala. Hula kile kinachozalishwa papo hapo.

Kuna njia mbili za kuizalisha ATP. Njia ya kwanza hupita nje ya mitokondria na haihitaji oksijeni. Ni ya haraka, lakini faida yake ni ndogo: molekuli 1 ya glukosi hutoa ATP 2 tu, na mabaki yake hugeuka kuwa laktati. Njia ya pili hupita ndani ya mitokondria na huhitaji oksijeni. Hapo molekuli ile ile 1 ya glukosi hutoa ATP zipatazo 30. Sehemu moja ya njia hii, ambayo ni mzunguko wa mabadiliko ya kemikali, ilielezwa na Hans Krebs mwaka 1937. Sehemu ya mwisho ilielezwa na Peter Mitchell, Mwingereza, katika nadharia aliyoitoa mwaka 1961 na iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Mitchell alisema kwamba mitokondria husukuma chembe za protoni upande mmoja wa utando wake mpaka zikajaa, kisha huziachilia zirudi kupitia mlango maalumu. Na nguvu ya kurudi kwake ndiyo iundayo ATP. Mfano ulio karibu nasi ni bwawa la Masinga katika mto Tana: maji huzuiwa kwa ukuta, yakaachiliwa kwa mfereji, nayo yakipita huzungusha mitambo ya umeme.

Jumla ya mabadiliko haya yote ya kemikali, tangu chakula mpaka mwendo wa msuli, ndiyo yaitwayo umetaboli wa nishati.

3. Maradhi yenyewe

Mwaka 1962 Rolf Luft na wenzake nchini Uswidi walichapisha habari za mwanamke aliyekuwa akitokwa na jasho jingi, akila sana bila ya kunenepa, na mwili wake ukiwa na joto lisilo la kawaida. Dalili hizo zilifanana na za maradhi ya tezi ya shingo, lakini tezi yake ilikuwa nzima. Kasoro ilikuwa katika mitokondria za misuli yake. Hiyo ndiyo mara ya kwanza ugonjwa wa binadamu kuhusishwa waziwazi na vijisehemu hivi.

Sababu za kasoro kama hizo zilianza kufichuka baadaye. Mitokondria zina DNA yao wenyewe, mbali na ile iliyomo katika kiini cha seli. Mwaka 1981 watafiti wa Cambridge waliisoma yote na kukuta kwamba ina jozi 16,569 za herufi za kijenetiki na jeni 37 tu. Mwaka 1988 Ian Holt, Anita Harding na John Morgan-Hughes wa London walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wa misuli walikuwa wamepungukiwa na vipande vizima vya DNA hiyo. Mwaka huo huo Douglas Wallace na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba aina moja ya upofu wa kurithi yatokana na badiliko la herufi moja katika DNA hiyo hiyo.

DNA ya mitokondria hurithiwa kukeni, yaani kwa mama peke yake. Hapa yafaa tuwe waangalifu. Msomaji akisikia hivyo aweza kudhani kwamba kila ugonjwa wa mitokondria umeletwa na mama, na twajua jinsi lawama ya namna hiyo inavyoweza kuvunja nyumba. Ukweli ni kwamba jeni nyingi zinazoihudumia mitokondria zimo katika kiini cha seli, na hizo hurithiwa kukeni na kuumeni vilevile. Isitoshe, ule upungufu wa kipande kimoja kikubwa cha DNA kwa kawaida hutokea kwa mtu mmoja tu katika ukoo, bila ya mama yake kuwa na dalili yoyote.

Jambo jingine ni kwamba ndani ya seli moja zaweza kuwamo DNA nzima na zenye kasoro, zikiwa zimechanganyika. Zile zenye kasoro zikiwa chache, seli humudu kazi yake. Zikipita kiwango fulani, seli hushindwa. Ndiyo maana ndugu wawili wenye kasoro ile ile waweza kutofautiana, mmoja akawa mzima na mwingine akawa hajiwezi. Dalili nazo hutofautiana: kope kulegea, misuli kuishiwa nguvu, moyo kupiga ovyo, uziwi, kisukari, kifafa. Uchunguzi uliofanywa kaskazini-mashariki mwa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba maradhi haya, yakijumlishwa pamoja, humpata takriban mtu mzima 1 kati ya 4,300. Kila aina peke yake ni adimu. Zote pamoja si adimu hivyo. Hadi leo hakuna dawa inayoyaponya kabisa.

4. Kwa nini nguvu hukatika

Mgonjwa anapoketi, haja ya misuli yake ni ndogo, na mitokondria zake, pamoja na kasoro zao, huitosheleza. Huzungumza, hucheka, na sura yake ni ya mtu mzima. Anapoinuka na kuanza kupanda mlima, haja hiyo huongezeka mara nyingi, na hapo ndipo upungufu hujitokeza.

Katika mji wa Dallas, Marekani, Tanja Taivassalo, Ronald Haller na wenzao waliwapima wagonjwa 40 kwa baiskeli ya maabara, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2003. Wastani wa oksijeni ambayo wagonjwa waliweza kuitumia walipofikia kikomo cha uwezo wao ulikuwa karibu nusu ya ule wa watu wazima wasiofanya mazoezi. Lakini kilichovutia zaidi ni sababu ya upungufu huo. Mapafu yao yalivuta hewa ya kutosha. Mioyo yao ilisukuma damu, tena kwa wingi kupita kiasi cha kazi iliyofanywa. Oksijeni ilifika msulini, ila msuli haukuichukua. Damu ilirudi moyoni ikiwa bado na sehemu kubwa ya oksijeni iliyoondoka nayo.

Hii ndiyo sababu mgonjwa hutweta na moyo wake kumwenda mbio kwa kazi ndogo tu. Mwili hutambua kwamba msuli una njaa, ukaongeza hewa na damu, nao msuli ukabaki na njaa yake. Kwa kuwa njia ya pili ya kuzalisha ATP imezibika, msuli hulazimika kutegemea ile ya kwanza, isiyo na faida kubwa, na laktati hujaa katika damu. Miguu huwa mizito, huuma, na mwishowe hukataa.

Watu wanaomtazama huona jambo moja tu: mtu mwenye afya njema ambaye hafagii uwanja, hachoti maji, na akitumwa dukani huketi njiani. Kiswahili kina neno tayari kwa mtu wa namna hiyo, nalo ni mvivu. Wagonjwa wengi hulibeba jina hilo kwa miaka kabla ya kupimwa.

5. Kupumzika au kujizoeza?

Kwa muda mrefu ilionekana ni busara kuwashauri wagonjwa hawa wapumzike. Ikiwa mashine ina kasoro, hoja ilikwenda, isitumiwe sana. Hoja hiyo ilisahau jambo moja: mitokondria si mashine ya chuma. Ni kitu hai, ambacho idadi yake huongezeka na kupungua kufuatana na matumizi.

Ushahidi wa jambo hili ulitolewa mwaka 1967 na John Holloszy wa St. Louis, Marekani. Aliwakimbiza panya juu ya ukanda wa mashine kwa wiki kadhaa, kisha akaipima misuli yao. Vimeng'enya vya mitokondria vilikuwa vimeongezeka kiasi cha mara mbili. Kwa binadamu hali ni hiyo hiyo. Mwaka 1995 Bengt Saltin wa Copenhagen na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wakimbiaji wa Kenya na wa Skandinavia. Miongoni mwa mambo waliyoyaona ni kwamba vijana wa Kenya waliozoea kutembea na kukimbia kila siku walikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kutumia oksijeni kuliko vijana wa nyanda hizo hizo wasio na mwendo, hata kama hawakuwahi kufundishwa riadha.

Kinyume chake ni kweli pia. Mtu mzima akilazwa kitandani kwa majuma kadhaa, mitokondria za misuli yake hupungua. Basi mgonjwa anayeambiwa apumzike huwa na upungufu wa aina mbili. Wa kwanza ni wa ugonjwa, nao hatuna dawa yake. Wa pili ni wa kukaa, nao twauleta wenyewe. Kwa kuwa nguvu zake hukatika upesi, hukaa. Na kwa kuwa hukaa, nguvu zake hukatika upesi zaidi. Tiba ya mazoezi hailengi upungufu wa kwanza. Hulenga huu wa pili, na faida yake hutoka hapo kwa sehemu kubwa.

Hata hivyo, kulikuwa na hofu ya haki. Ikiwa mazoezi huongeza mitokondria, je, hayataziongeza na zile mbovu, pengine kwa kasi zaidi? Mwaka 2001 Taivassalo na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 10 waliofanya mazoezi kwa wiki 14. Uwezo wao uliongezeka, lakini kwa baadhi yao kiwango cha DNA yenye kasoro kilionekana kupanda. Habari hiyo iliwatia wengi wasiwasi.

Majibu yaliyotuliza wasiwasi huo yalipatikana mwaka 2006. Huko Copenhagen, Tina Jeppesen, John Vissing na wenzao waliwafanyisha wagonjwa 20 mazoezi ya baiskeli kwa wiki 12, nusu saa kila mara. Uwezo wao wa kutumia oksijeni uliongezeka kwa takriban asilimia 26, na kiwango cha DNA yenye kasoro hakikubadilika. Mwaka huo huo kundi la Dallas lilichapisha habari za wagonjwa 8 waliofanya mazoezi kwa wiki 14, kisha wakaacha kwa wiki 14 nyingine. Walipofanya, waliongezeka uwezo. Walipoacha, wakarudi walikotoka. Kiwango cha kasoro hakikupanda. Jaribio hili la pili lina uzito wa pekee, kwa sababu laonyesha kwamba kupumzika kwa muda mrefu kuna gharama yake, nayo hulipwa na mgonjwa.

Mazoezi ya kuinua vitu vizito nayo yalijaribiwa Newcastle, Uingereza, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008. Yalikuwa na wazo la ziada. Kando ya nyuzi za msuli kuna seli changa zilizolala, ambazo huamka ili kuutengeneza msuli ulioumizwa kidogo na kazi. Kwa baadhi ya wagonjwa, seli hizo changa zina kasoro chache sana au hazina kabisa. Kwa hiyo ilitarajiwa kwamba msuli ukijitengeneza, utajitengeneza kwa mbegu safi. Wagonjwa 8 waliojaribiwa kwa wiki 12 waliongezeka nguvu, na dalili za msuli kujitengeneza upya zilionekana.

6. Mipaka ya ushahidi, na tahadhari

Hapana budi tukiri kwamba idadi ya wagonjwa katika majaribio haya ni ndogo, na muda wake ni majuma, si miaka. Mazoezi hayamponyi mtu. Humrudishia sehemu ya uwezo aliouacha njiani, na kwa mtu ambaye hawezi kufika msalani bila ya kushikwa mkono, sehemu hiyo si haba.

Aidha, mazoezi haya ni dawa, na dawa ina kipimo. La kwanza, moyo upimwe kabla ya kuanza, kwa maana baadhi ya aina za maradhi haya huugusa moyo bila ya dalili za nje. La pili, mgonjwa aanze chini sana, hata kwa dakika tano, na aongeze polepole katika majuma mengi. La tatu, asifanye mazoezi akiwa na homa au akiwa hajala, kwa sababu nyakati hizo nishati yake tayari imeelemewa. La nne, mazoezi yawe ya mwendo wa wastani na wa kuendelea, kama kutembea au kuendesha baiskeli, ambapo mtu aweza kuzungumza ingawa anahema. La tano, maumivu makali ya misuli yasiyoisha, au mkojo kuwa na rangi ya giza, ni ishara ya kuacha na kwenda hospitali upesi. La mwisho, asiache. Faida hii haiwekeki akiba.

7. Maneno yenyewe

Sasa twaweza kurejea katika uwanja wetu. Kosa langu la ukalimani lilikuwa la msamiati, na yafaa tulichambue.

Tuanze na nguvu. Neno hili la Kibantu limebeba mzigo mkubwa: nguvu za mkono, nguvu za umeme, nguvu za sheria, nguvu za hoja. Mtu husema hana nguvu akiwa na njaa, akiwa mgonjwa, akiwa mzee, na hata akiwa maskini. Daktari atafutaye kujua kama msuli ni dhaifu tangu mwanzo, au huanza vizuri kisha ukashindwa, hatapata jibu kwa neno hili peke yake.

Nishati ni neno lenye asili ya Kiarabu, na huko lilikotoka lina maana ya uchangamfu na wepesi wa kutenda. Wanaistilahi wetu walilichukua liwe jina la dhana ya kifizikia, na kwa kazi hiyo limefaa. Lakini masikioni mwa raia wa kawaida, nishati ni stima, ni petroli, ni jua na upepo. Ukimwambia mama wa makamo kwamba mwili wake una upungufu wa nishati, huenda akadhani unamtania. Maoni yangu ni kwamba tulitumie neno hili pale tu tunapoeleza umetaboli, na kila mara tulifunge na chakula: nishati ni kile ambacho mwili hukipata katika chakula na kukigeuza kuwa mwendo.

Uchovu ndio wenye hatari kubwa zaidi. Katika matumizi yetu, kuchoka ni matokeo ya kazi, na dawa yake ni kupumzika. Ni hali ya heshima. Aliyechoka amefanya kitu. Ndiyo maana mama yule alijibu kwamba hakuna asiyechoka. Tena neno hili laweza kutumika kwa vitu: nguo imechoka, gari limechoka, yaani limekwisha na halifai tena. Kwa hiyo tukiuita ugonjwa huu uchovu, twatangaza mambo mawili ya uongo kwa pamoja: kwamba umesababishwa na kazi, na kwamba utaondolewa na kitanda.

Katika safari yetu ya pili hospitalini, sikumwuliza tena kama anachoka. Nilimwomba anieleze kwa maneno yake mwenyewe linalompata anapopanda ngazi. Akasema, "Mwanangu, naanza vizuri tu. Kisha nguvu hukatika, kama maji ya mfereji. Mfereji upo, nami nimeufungua, lakini maji hayatoki. Nikikaa kitambo, yarudi kidogo." Sijakuta katika kitabu chochote maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo. Nguvu hukatika: kitenzi hiki chaonyesha kwamba ugavi ndio uliokoma, si kwamba mtumiaji amekosa ari. Napendekeza tukichukue, na tutenganishe hali tatu: udhaifu, ambapo msuli hauwezi tangu mwanzo, kukatika kwa nguvu, ambapo huanza vizuri kisha ukashindwa kabla ya wakati, na uchovu, ambao hufuata kazi na huisha kwa usingizi. Daktari akiwa na maswali matatu kwa hali tatu, mkalimani hatapotea.

Yabaki maneno mawili ambayo, kwa bahati njema, lugha yetu yenyewe yatusaidia. La kwanza ni pumzika. Pumua, pumzi na pumzika vyatoka katika shina moja: kupumzika, kwa asili, ni kupata pumzi. Hicho ndicho hasa anachokihitaji mgonjwa katikati ya ngazi. Asimame, pumzi zirudi, kisha aendelee. Neno halisemi alale miezi mitatu. La pili ni zoezi. Kutokana na zoea twapata zoeza, yaani kumfanya mtu au kiungo kizoee, na kutokana na zoeza twapata zoezi. Siku hizi wengi husikia katika neno mazoezi uwanja wa michezo na kijana anayetoka jasho, nao wagonjwa huogopa. Lakini maana ya shina ni ile ile aliyoipima Holloszy kwa panya wake: kuutwisha msuli mzigo mdogo mpaka uuzoee, kisha kuuongeza. Mama yule nilipomwambia, "Uizoeze miguu, haba na haba," hakuhitaji maelezo ya ziada. Akaanza kwa kutembea mpaka kwenye kona ya barabara yao na kurudi. Kabla sijarejea nyumbani nilimwona akipanda ngazi zile za hospitali akishika ukingo, na akisimama mara moja tu katikati kupata pumzi.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba maradhi ya mitokondria huunyima msuli uwezo wa kuitumia oksijeni inayoletewa; kwamba kukaa bila ya mwendo huongeza upungufu wa pili juu ya ule wa kwanza; na kwamba mazoezi ya kipimo, chini ya uangalizi, huuondoa huo wa pili kwa sehemu, maadamu yanaendelezwa. Tumeona pia kwamba ushauri huu hauwezi kufika salama kwa mgonjwa asemaye Kiswahili ikiwa sisi tunaoshughulika na lugha hatujampa mganga maneno ya kuufikishia.

Kazi kubwa na ya kusifika imekwisha kufanywa katika kusanifu istilahi za biolojia na kemia, na majina kama mitokondria, kimeng'enya na umetaboli hayana tena ugeni. Ila mgonjwa haongei kwa istilahi. Huongea kwa vitenzi: nguvu zakatika, miguu yakataa, mwili wanyong'onyea. Ningependa kuona idara zetu zikikaa pamoja na waganga na wataalamu wa tiba ya viungo ili kukusanya vitenzi hivyo kutoka pwani na bara, na kuviweka mbele ya wakalimani wa hospitali kabla hawajaingia chumbani. Wenzangu walio na mifano kutoka lahaja zao naomba wailete, ili orodha hiyo ianze.